Somo la kuchora: mistari ya mwili wa mtu kutoka ndani ya ordinatere



Wengi wenu mulituuliza juu ya ukurasa wa nne wa buletini iliyopita. Mulisema: "Ile picha ni ya kitu gani? Ni gunia ao ni mtu?" Ni mtu. Tulitaka kuonyesha namna ya kumlaza kwa ubavu mtu aliyezimia, ile wanayoita PLS kwa Kifaransa. Tulikuwa na fotografia nzuri. Tukaiweka juu ya kioo, taa chini yake, stansili juu yake, tukakwangua kila pahali palipokuwa na giza. Masini ilipozungushwa, wino ukapita pote kwa mara moja, na karatasi ikatoka na doa jeusi na kiatu kimoja.

Tungecheka na kupita. Lakini majuma mawili nyuma yake, siku ya mashindano ya mbio, mwenzetu mmoja wa darasa la pili alianguka karibu na goli akazimia. Wale waliomfikia wa kwanza walikumbuka buletini, na mmoja alikuwa nayo mfukoni. Akaifungua, akaigeuza huku na huku, asione mkono uko wapi wala goti liko wapi. Basi wakamlaza chali, wakatia kaye mbili chini ya kichwa. Akaanza kutapika. Kwa bahati mwuguzi wa dispansere alikuwa karibu, akakimbia, akamgeuza kwa ubavu, na kijana akapona. Mwuguzi hakutugombeza. Aliitazama tu ile karatasi na kutuuliza: "Hii muliichapisha juu ya nani?"

Sisi kapita na kikundi cha buletini hatukuwa na jibu. Picha mpya iko katika ukurasa wa nne wa namba hii. Hapa tunaeleza namna tulivyoipata, kwa sababu wengine watakuja nyuma yetu, nao watahitaji picha za biolojia na za jeografia.

SABABU GANI FOTOGRAFIA INAKUFA

Fotografia iko na kijivu cha kila namna katikati ya nyeupe na nyeusi. Stansili haijui kijivu. Ni karatasi yenye nta: pahali kalamu ya chuma imepita, wino unapita, pahali haikupita, wino unakaa. Hakuna neno la tatu. Magazeti makubwa yanapasua kijivu kuwa vitone vidogo sana, lakini masini yetu ya kuzungusha kwa mkono inavijaza vitone vile wino na kuviunganisha.

Watu wa zamani walijua shida hii. Andreas Vesalius, muganga aliyezaliwa Brussels, alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mwili wa mtu kule Basel mwaka 1543. Picha zake zilichongwa katika mbao: pahali ubao umebaki juu, wino, pahali umechongwa, weupe. Kwa mistari tu, muganga wa wakati ule aliweza kufuata mshipa mmoja kutoka bega mpaka kidole. Kwa hiyo tusiseme kama masini yetu ni mbaya. Sisi ndio tuliipa kitu isichoweza kula.

Tulijaribu kwanza kuchora kwa mkono. Mchoraji wetu wa darasa la tatu ni mwenye kipaji, lakini mkono uliokunjwa chini ya shavu ni jambo gumu; kila mara ulitoka sawa ndizi. Tena yule aliyelala chini kuwa mfano alichoka, akaanza kucheka, akahamisha mguu. Na tulipotaka kumtazama kutoka upande mwingine, kazi yote ilianza upya. Ndipo mwalimu wa fizika akatuambia: "Tafuteni mtu asiyechoka."

MSTARI UKO WAPI JUU YA CHUNGWA?

Mbele ya kufungua ordinatere, chukua chungwa. Ulichore. Kila mtu atachora duara. Sasa ulitazame tena lile chungwa vizuri: duara liko wapi? Hakuna mstari wowote juu ya ganda lake. Weka alama ya biki pahali unapofikiri mstari unapita, halafu sogeza kichwa. Alama imebaki, mstari umekimbia. Ni kusema, mstari wa ukingo si kitu cha chungwa peke yake. Unazaliwa katikati ya chungwa na jicho lako, pale ganda linapogeuka na kuacha kukutazama.

Jambo hili ndilo ordinatere inahesabu. Modeli ya mtu ndani ya ordinatere si nyama, ni ngozi tupu iliyofanywa na vipande vidogo bapa vilivyoshonwa pamoja, maelfu na maelfu. Kila kipande kina vekteri inayosimama wima juu yake, ile tuliyojifunza kwa jina la normali. Twaa vekteri nyingine inayotoka kwenye kipande kwenda kwa jicho. Fanya produi skalere ya hizo mbili. Ikiwa kubwa kuliko sifuri, kipande kinakutazama. Ikiwa chini ya sifuri, kimekupa mgongo. Pale kipande kinachokutazama kinapogusana na kipande kilichokupa mgongo, ndipo mstari unapita.

Mfano. Jicho liko upande wa (0, 0, 1). Kipande cha kwanza kina normali (0,6, 0, 0,8). Produi ni 0,8, kinatutazama. Jirani yake ana normali (0,8, 0, −0,6). Produi ni −0,6, ametupa mgongo. Basi mshono ulio katikati yao unachorwa. Ndugu wa sesio ya hesabu, ninyi munaouliza kila siku vekteri zitawasaidia nini maishani, tazameni ukurasa wa nne.

Inabaki kujua kama mstari uliopatikana unaonekana ao umefichwa. Mstari wa mgongo uko nyuma ya kifua, hauwezi kuonekana. Programu inahesabu ni ngozi ngapi zinasimama katikati ya jicho na mstari. Zikiwa sifuri, unachorwa.

MTU ASIYECHOKA

Tulitumia programu mbili, zote za bure. Ya kwanza inaitwa MakeHuman. Ukiifungua, unaona mtu amesimama, na pembeni viko vijiti vya kusukuma kwa mausi: umri, urefu, unene, nguvu, mwanaume ao mwanamke, sura ya Afrika, ya Asia ao ya Ulaya. Mtu wa mwanzo ni mchanganyiko wa wote, hafanani na mtu yeyote. Tulisukuma vijiti mpaka tukapata kijana wa miaka kama yetu, mwenye sura ya kwetu. Si jambo kubwa kwa mistari, maana mstari hauna rangi, lakini mwanafunzi akiona pua na midomo ya ndugu yake anasoma picha kwa moyo mwingine. Wenye programu wameachilia haki zote juu ya modeli inayotoka ndani yake, kwa hiyo unaweza kuichapisha bila kuomba ruhusa.

Usisahau nguo. Bwana Prefe alipita nyuma yetu siku ya kwanza, wakati modeli ilikuwa bado sawa Adamu mbele ya kula tunda. Tangu siku ile tunaanza na nguo.

Nywele, hapana. Nywele za modeli hizi ni vitambaa vyembamba vyenye picha ya nywele juu yake. Kwa rangi zinapendeza. Kwa mistari, programu inachora mpaka wa kila kitambaa, na kichwa kinakuwa kiota cha ndege. Kope za macho vilevile. Tuliondoa vyote, na mwisho tulichora nywele fupi kwa mkono, dakika mbili. Ndani mwake mtie mifupa, ni kusema ile mifupa ya ordinatere inayoshika viungo, kisha mhifadhi kwa namna ambayo programu ya pili inaweza kusoma. Sisi tulitumia ile iitwayo Collada. Kwa kipimo, chagua mita.

Programu ya pili ni Blender. Ordinatere yetu ni ya zamani, kwa hiyo tulichukua Blender 2.79 ya mwaka 2017. Zile za 2.80, iliyotoka 2019, na zilizofuata zinaomba karte ya picha yenye nguvu zaidi. Ndani ya Blender munashika mfupa mmoja mmoja na kuuzungusha, mpaka mtu amelala munavyotaka. Kazi hii ilitutwaa siku tatu, kwa sababu ya umeme kukatika, tena kwa sababu hatukujua vizuri tunataka alale namna gani! Tulifikiri tunajua. Ilikuwa lazima kumwita mwuguzi akae karibu nasi na kusema kila kiungo. Tunaandika maneno yake hapa, maana ndiyo sababu ya kazi yote.

Ni kwa mtu aliyezimia lakini anapumua. Piga magoti kando yake. Mkono wake wa karibu nawe uweke mbali na mwili kwa pembe mraba, kiwiko kimekunjwa, kiganja juu. Mkono wa mbali uulete juu ya kifua, mgongo wa kiganja ugusane na shavu lililo upande wako, uushike hapo. Kwa mkono wako mwingine pandisha goti la mbali mpaka wayo umekaa chini. Vuta goti lile kwako. Mwili wote utageuka. Goti la juu likae kwa pembe mraba, lizuie mwili usianguke kifudifudi. Kichwa kielekee nyuma kidogo ili njia ya pumzi iwe wazi, na matapishi yatoke nje. Kisha endelea kuangalia kama anapumua. Asiyepumua halazwi hivi, huyo ni wa kukandamizwa kifua mara moja, na msaada uitwe.

KUTOA MISTARI

Ndani ya Blender kuna sehemu inayoitwa Freestyle. Ilianza kwa watafiti wa Grenoble, Ufaransa, na ikaingia ndani ya Blender 2.67 mwaka 2013. Hiyo ndiyo inahesabu zile produi skalere zote. Kwanza tulimpa mtu rangi nyeupe isiyopokea kivuli wala mwanga, tukapaka na mbingu nyuma yake nyeupe. Sasa bila mistari hakuna kitu kabisa: mtu mweupe ndani ya weupe. Tukawasha Freestyle, tukabonyeza F12, tukangoja.

Aliyetoka mara ya kwanza alikuwa amefungwa ndani ya wavu wa samaki. Kosa lilikuwa letu. Kuna pembe ambayo programu inatumia kujua kama mkunjo ni mkali wa kutosha kuchorwa. Mwanzo imewekwa 134 na kitu. Sisi tuliipandisha karibu na 180, na kwa 180 hata vipande vilivyo karibu kulala sawa vinahesabiwa kuwa na mkunjo, basi kila mshono ukachorwa. Tuliirudisha, na mwisho tukaondoa mistari ya mikunjo kabisa. Mwili wa mtu si sanduku. Tulibakiza mstari wa nje, mistari ya ukingo iliyo ndani (kama ile ya paja linalopita mbele ya tumbo), na pahali shati linapoishia juu ya ngozi.

Iko namna nyingine ya mistari, ambayo watafiti wanne waliieleza mwaka 2003. Ni mistari ambayo bado si ukingo, lakini ungesogeza kichwa kidogo ingekuwa ukingo. Mchoraji wa mkono anaifanya bila kufikiri: mstari mfupi wa shavu, ule wa mfupa wa bega. Tulijaribu. Kwa modeli yetu ilitoa vijistari vifupi sawa nywele zilizoanguka kwa kinyozi, tukaizima. Labda wengine watafaulu.

Lakini lililo gumu si vyombo hivi. Ni kuchagua jicho lisimame wapi. Kamera yetu ya kwanza ilikuwa upande wa miguu: goti likaficha uso. Ya pili ilikuwa juu kabisa, sawa mtu aliye juu ya mwembe: shavu likaficha mkono. Mistari yote ilikuwa ya kweli, kila produi skalere ilikuwa sawa, na picha haikusema kitu. Tulifikiri kuonyesha mkono uliofichwa kwa mstari wa kukatika-katika, namna tunavyofanya katika desini ya kiufundi. Tukawaonyesha wadogo wa darasa la kwanza, na mmoja akahesabu mikono mitatu. Tukafuta.

Mara ya tatu tulishusha kamera pale yule msaidizi anapopiga magoti, mbele ya uso wa mgonjwa, ikitazama chini kwa mteremko. Hapo vikaonekana vyote: shavu juu ya mkono, kiwiko, goti lililokunjwa, kichwa kilichoelekea nyuma. Tukajiona wajinga. Pahali pa kutazamia palikuwa pahali pa kusaidia, na tungalianza hapo.

UPANA WA MSTARI, NA KUFIKA KWENYE STANSILI

Picha yetu ina upana wa sentimita 12. Tuliomba vitone 300 kwa kila inchi. Inchi ni sentimita 2,54, basi 12 kugawa kwa 2,54 mara 300 ni vitone 1417. Mstari wa nje tuliupa vitone 6, ni kusema karibu nusu ya milimita. Mistari ya ndani tuliipa 4. Mukiacha kitone 1 munapata mstari mzuri kwenye skrini, lakini kwenye karatasi haufiki hata moja ya kumi ya milimita, na wino wetu hautauona. Mstari wa nje ukiwa mnene kuliko wa ndani, jicho linamtoa mtu katika karatasi mara moja.

Mwenye ordinatere mpya na Blender mpya ajiangalie: weupe wake utatoka kijivu. Si ugonjwa. Tangu 2.80 programu inapunguza mwanga ili picha ifanane na filamu. Achague namna ya kuonyesha rangi iliyo ya kawaida, weupe utarudi.

Hata picha nzuri ina kijivu kidogo kwenye kingo za mistari. Tuliifungua katika GIMP, tukatumia amri ya kizingiti: kila kitone chini ya namba fulani kinakuwa cheusi, kilicho juu yake kinakuwa cheupe. Sasa hakuna kijivu hata kimoja. Tukapeleka faili kwa sekretaria publiki mjini ikachapwe kwa karatasi, tukairudisha juu ya kioo, taa chini yake, stansili juu yake, sawasawa na mara ya kwanza. Safari hii kalamu ya chuma ilikuwa na njia ya kufuata.

Neno moja kwa watakaoshika kalamu. Musifunge duara ndogo. Kwenye stansili, duara ndogo iliyofungwa inaanguka yote sawa kifungo, na pahali pake panakuwa doa. Ndiyo sababu herufi o zetu mara nyingi ni nyeusi. Kwa sikio na kwa kucha tuliacha mlango mdogo wazi. Macho tuliyafanya mstari mmoja kila moja: amezimia, yamefungwa.

Tulipopata karatasi ya kwanza, tuliwaita wanafunzi wanne wa darasa la kwanza ambao hawakujua lolote. Tukawapa picha bila maneno, tukamwambia mmoja alale. Walibishana kidogo juu ya goti. Kisha wakamgeuza, mkono chini ya shavu, goti mbele, kichwa nyuma. Mwuguzi alikuwa mlangoni. Aliomba karatasi kumi kwa dispansere.

ZOEZI

Jicho liko upande wa (0, 0, 1). Vipande vinne vimeshonwa kwa mfuatano: P (0; 0,6; 0,8), Q (0; 0,8; 0,6), R (0; 0,8; −0,6), S (0; 0,6; −0,8). Mstari wa ukingo unapita katikati ya vipi? Sasa jicho liende upande wa (0, 1, 0). Mstari ule umekwenda wapi, na sababu gani?

Majibu yaletwe kwa kapita mbele ya Ijumaa. Wa darasa la kwanza na la pili, ambao hawajasoma vekteri, walete mchoro wa chungwa, papai na kibuyu, kila kimoja mara mbili kutoka pande mbili, kwa mistari tu, bila kivuli.

Kapita wa wanafunzi, darasa la mwisho, pamoja na kikundi cha buletini